Sombe, Maharage na Kitu Kitamu: Chakula cha Nyumbani kwa Moto Mmoja

Kipindi cha jikoni, kwa vikundi vya wasikilizaji katika kambi na makazi ya wakimbizi, nchi jirani.

Maelezo kwa msomaji wa kikundi: Soma polepole. Penye neno Mapumziko, simama kidogo ili wasikilizaji warudie vipimo kwa sauti. Maswali ya kujadili yako mwishoni.

(Sauti: mchi ukitwanga kinuni, kisha inafifia.)

 

Mchi huo mliousikia ni wa hapa kwetu, kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Najua wengine mnatusikiliza mkiwa Mahama kule Rwanda, wengine Nakivale Uganda, wengine Lusenda huko Kongo, wengine Kakuma nchini Kenya. Mgao wetu haufanani, kuni zetu hazifanani, lakini mafiga ni matatu kila mahali.

Leo tunapika chakula cha nyumbani. Kile ambacho ukikila, mwili unatulia na moyo unakaa mahali pake. Tutapika chakula kizito cha kushibisha familia, kisha tutatengeneza kitu kitamu kidogo kwa ajili ya watoto, na hata kwa wazee wanaojifanya hawapendi vitu vitamu. Tutatumia vitu vya mgao, vichache vya bustani, na vichache vya soko.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili nimelibeba moyoni.

Mimi ni mtoto wa Baraka, Fizi, Kivu Kusini. Nilivuka Ziwa Tanganyika pamoja na wazazi wangu mwaka 1996, nikiwa msichana. Kambi hii ilifunguliwa mwaka huo huo. Mama yangu ndiye aliyetulisha hapa kwa miaka mingi, mpaka alipofariki mwaka 2016. Baada ya matanga, baba akaanza kuacha chakula. Anakula matonge mawili, matatu, ananawa, ananiambia, "Nimeshiba, mama." Nguo zikaanza kumpwaya. Nikampeleka kliniki. Wakampima malaria, wakampima damu, hawakuona ugonjwa. Nesi akasema mzee ana huzuni, ajitahidi kula.

Jirani yangu ni mama wa Burundi, mtu wa Makamba. Alifika hapa mwaka 2015, wakati Warundi wengi walipokimbilia huku. Akaja akaketi nami mkekani, akaniuliza, "Dada, enzi za marehemu mama, Jumapili mlikuwa mnakula nini?" Nikamjibu, sombe. Sombe ya mawese, yenye ndagala. Akauliza tena, "Na wewe mara ya mwisho umemtwangia mzee sombe lini?"

Nikanyamaza. Tangu msiba nilikuwa nachemsha maharage kwa maji na chumvi, nasonga bugali, nagawa, basi. Watoto walikula kwa sababu walikuwa na njaa. Baba alikuwa na njaa ya namna nyingine.

Kesho yake nikafanya jambo jema kwa njia mbaya. Nikapima makopo manne ya unga wa mgao, nikabadilisha kwa mawese na ndagala. Nikatwanga, nikapika. Baba alikula sahani yote. Akamaliza, akaniangalia, akasema, "Huko chini ya sufuria hakuna ukoko?" Nilitoka nje nikalia, kisha nikarudi nikamkwangulia ukoko.

Lakini siku tano kabla ya mgao mpya, mfuko wa unga ukawa mtupu. Watoto wangu walilala na uji mwepesi kwa sababu ya ile sombe. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo leo nataka tulijibu pamoja: tutapikaje chakula cha nyumbani bila kula chakula cha kesho?

Mapumziko.

Tuanze na moto, kwa sababu hapo ndipo tunapopoteza zaidi. Mashirika yanapopanga mgao kamili, huhesabu kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Fedha zikipungua, mgao nao unapungua, kama tulivyoona hapa Tanzania mwaka 2017. Na unga na maharage hayaliwi yakiwa mabichi. Kila kuni unayowasha, kuna mama au binti aliyeifuata mbali, na njia ya kuni sote tunaijua ilivyo na hatari. Kwa hiyo mpishi anayeokoa kuni anaokoa chakula, na anamwokoa binti yake safari moja ya porini.

Kuna mambo manne ya kukumbuka. La kwanza, kuni ziwe kavu, zipasuliwe nyembamba. Kuni mbichi zinakula moto wake zenyewe. La pili, maharage yalale ndani ya maji usiku kucha kabla ya kupikwa. La tatu, sufuria iwe na kifuniko, isipokuwa kwa chakula kimoja nitakachokitaja baadaye. La nne, tumia kikapu.

Kikapu chenyewe ni hivi. Chukua kikapu kikubwa au boksi imara. Ndani yake panga majani makavu ya migomba, au nguo kuukuu safi, au blanketi lililochakaa. Unene uwe kama upana wa kiganja, chini na pande zote. Acha shimo katikati, linaloenea sufuria yako. Sufuria ikishachemka kwa nguvu, itoe motoni na kifuniko chake, itumbukize humo, funika juu kwa mto au blanketi lililokunjwa. Joto halina pa kutokea. Chakula kinaendelea kuiva chenyewe, wewe unaenda kuchota maji au kukaa na mtoto.

Angalizo moja hapo. Maharage lazima yachemke kwa nguvu kwanza, dakika 30, kabla ya kuingia kikapuni. Maharage yaliyopata joto dogo tu bila kuchemka sawasawa yana kitu kinachoumiza tumbo, kinatapisha na kuharisha. Na yakitoka kikapuni yarudi motoni yachemke tena kabla ya kuliwa.

Mapumziko.

Sasa tupike. Cha kwanza ni maharage mazito na ndizi za kupika. Hiki nilifundishwa na yule jirani yangu wa Makamba. Warundi wanakijua tangu utotoni, na ukimpikia Mrundi aliyekonda kwa mawazo, utaona.

Kwa watu sita, chukua vikombe vitatu vya maharage. Chagua mawe, osha, loweka jioni. Asubuhi mwaga yale maji, yatafaa kwa mchicha wako nje. Tia maji mapya, chemsha kwa nguvu dakika 30, weka kikapuni. Yaache saa tatu hadi nne. Usifungue kuchungulia, kila ukifungua joto linakimbia.

Ukiyarudisha motoni, menya ndizi mbichi sita za kupika, kata vipande, tia humo. Huna ndizi, tia viazi vitamu au mihogo mitamu. Funika. Acha vichemke pamoja mpaka ndizi zilainike.

Kwenye kikaango weka vijiko vitatu vya mafuta. Kama una mawese, weka mawese, lakini usiyaunguze mpaka yakawa meupe kama wengine wanavyofanya. Ule wekundu ndio wenye vitamini A, ile inayolinda macho ya watoto. Kaanga kitunguu kimoja, kisha nyanya tatu, mpaka zipondeke. Nyanya usizitie kwenye maharage ambayo hayajaiva. Uchachu wake unayafanya yagome kulainika, nawe utachoma kuni mpaka jioni.

Maharage yakiwa laini, chota upawa mmoja, yaponde kwa mgongo wa mwiko ukiyabana ukingoni mwa sufuria, koroga. Mchuzi utakuwa mzito bila kuongeza kitu. Mimina vitunguu na nyanya, tia chumvi, acha dakika kumi kwa moto mdogo. Kama ulikuwa unapika maharage ya maji na chumvi, utashangaa kwamba mgao ni ule ule.

Mapumziko.

Juu ya sufuria hiyo hiyo, kwa moto huo huo, tunapika kitu kitamu cha kwanza. Hakina sukari na hakihitaji kuni ya ziada. Ni mikate ya unga wa mahindi na ndizi mbivu, inayoiva kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba.

Chukua vikombe viwili vya unga wa mahindi wa mgao. Ponda ndizi mbivu nne kubwa, au nane ndogo. Zile zilizoiva mpaka ganda likaanza kuwa jeusi ndizo tamu kuliko zote, na sokoni jioni wanakupunguzia bei. Changanya na unga, tia chumvi kidogo na kijiko kimoja cha mafuta. Ongeza maji kidogo kidogo, mpaka uwe mzito wa kushika kwenye kijiko bila kutiririka.

Majani ya mgomba yapitishe juu ya moto kidogo, yatalegea na hayatachanika. Weka vijiko viwili vya mchanganyiko katika kila jani, kunja, funga kwa kamba ya mgomba. Sasa, pale uliporudisha maharage motoni na kutia ndizi za kupika, panga juu yake vipande vya uti wa jani la mgomba, viwe kama kitanda. Laza mikate yako juu ya kitanda hicho, funika sufuria vizuri. Sufuria iwe kubwa, na maharage yasizidi nusu, ili mikate iguswe na mvuke tu. Dakika 40 zinatosha. Itoe, iache ipoe dakika kumi, itashikamana. Ndipo urudi kwenye maharage yako na kumimina vitunguu.

Mahali pasipo na migomba, tumia vikombe vya bati vilivyopakwa mafuta. Mifuko ya plastiki usiitumie kupikia wala kufunikia chakula kinachochemka. Plastiki ikipata moto inaacha sumu yake kwenye chakula, na hiyo hutaiona wala kuionja.

(Sauti: mchi ukitwanga kinuni.)

Sasa tunafika kwenye sombe. Watanzania wanaita kisamvu, Warundi na Wanyarwanda wanasema isombe. Ni majani ya mihogo. Nilisema kuna chakula kimoja kisichofunikwa, ndicho hiki.

Majani ya mihogo mabichi yana sumu. Kutwanga kunaifungua ile sumu, na kuchemsha bila kifuniko kunaitoa hewani pamoja na mvuke. Ukifunika, unairudisha sufuriani. Bibi zetu walijua hivyo bila kusoma, walipotukaripia tukifunika sombe. Na usiruke hatua ya kutwanga ukaona majani yaliyokatwa kwa kisu yanatosha.

Chuma majani machanga, yale ya juu, mafungu manne kwa watu sita. Chuma machache kwa kila mti, ukiuacha uchi muhogo chini hautanenepa. Osha, twanga pamoja na kitunguu, na pilipili hoho kama unayo, mpaka yawe laini kabisa. Bandika kwa maji mengi, wazi. Yakishachemka dakika 20, mwaga maji yale, tia mengine. Acha yachemke tena, wazi, saa nzima au zaidi, mpaka ladha kali iondoke.

Hapo ndipo unaleta utamu. Karanga kikombe kimoja, zimekaangwa na kutwangwa. Ndagala konzi mbili, zimeoshwa kwa maji ya moto ili mchanga utoke. Mawese vijiko vitatu. Chumvi. Moto mdogo dakika 20, koroga mara kwa mara ili karanga zisishike chini. Karanga na ndagala ni chakula cha kujenga mwili, hasa kwa mtoto anayekua na mama anayenyonyesha. Hata konzi moja ya ndagala inasaidia.

Na hapa nina neno kwa wale wa kwetu wanaolalamika kwamba hakuna samaki wa nyumbani. Ziwa Tanganyika ni moja. Dagaa wa Kigoma na ndagala wa Uvira wanatoka katika maji yale yale. Samaki ambaye Warundi wanamwita mukeke, hapa Kigoma anaitwa mgebuka. Na mawese pia yanakamuliwa hapa hapa Kigoma, kwenye michikichi ya wenyeji. Baba yangu alikuwa hajui hilo mpaka nilipomwambia. Akasema, "Kumbe nimekuwa nikila nyumbani bila kujua."

Mapumziko.

Kwa haraka niseme habari ya zile mbaazi za manjano zilizopasuliwa, ambazo wengi wetu tunazipata kwenye mgao na tunazinung'unikia. Mara ya kwanza nilipozipika nilizifanya kama maharage, nikazichemsha muda mrefu, zikawa ujiuji usio na jina. Mwanangu wa pili aliniuliza, "Mama, hiki kinaliwa au kinapakwa ukutani?"

Siri yake ni fupi. Zioshe mpaka maji yawe safi. Zinaiva upesi kuliko maharage, dakika 40 au 50, na haziombi kulala majini. Engua povu linalopanda. Kaanga kitunguu, kitunguu saumu na nyanya, ongeza binzari kidogo kama unayo, mimina, tia chumvi mwishoni. Ziache nzito kidogo. Kwa bugali au wali ni mboga kamili, na kuni unazochoma ni nusu ya zile za maharage.

Kitu kitamu cha pili, na cha mwisho kwa leo, ni kile wenzetu wa Uganda wanachokiita kabalagala. Mlioko Nakivale na Kyangwali mnakijua, kinauzwa kila njia panda. Vitu ni vitatu tu: ndizi ndogo tamu zilizoiva sana, unga wa muhogo, na mafuta.

Ponda ndizi mpaka ujae vikombe viwili. Ongeza unga wa muhogo kidogo kidogo, kama vikombe viwili, ukikanda, mpaka donge lisigande mikononi. Maji usitie, ndizi zina maji yake. Sukari huna haja nayo. Sukuma donge liwe unene wa kidole, kata kwa mdomo wa glasi au kikombe. Mafuta kikombe kimoja kwenye sufuria ndogo yanatosha, kaanga vichache vichache, geuza. Moto uwe wa kadiri. Jaribu kwa kipande kidogo: kikielea na kutoa mapovu taratibu, mafuta yako tayari. Yakianza kutoa moshi, yamezidi. Yanayobaki yachuje, kesho utakaangia vitunguu.

Mambo mawili ya kujihadhari. Unga wa muhogo uwe wa mihogo iliyolowekwa siku kadhaa, kisha ikakaushwa vizuri juani. Mihogo michungu ambayo haikulowekwa vya kutosha ndiyo iliyowaletea watu wa kwetu Kongo ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu ghafla, na miguu hiyo hairudi ilivyokuwa. Jambo la pili ni mafuta ya moto. Watoto wakinusa ndizi zinakaangwa watakuzunguka. Chora mstari chini, waambie asivuke mtu. Mpini wa kikaango ugeukie ndani. Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala mafuta, mpeleke kliniki.

Mapumziko.

Akina mama, kuna jambo ningependa kulisema kwa upole. Tunapotafuta kitu kitamu, macho yanaangukia ule unga wa lishe, na zile pakiti za karanga tamu wanazopewa watoto waliodhoofika. Unga wa lishe wa familia nzima, upike uji mzuri, ponda ndizi mbivu ndani yake, mle wote. Lakini pakiti za mtoto aliyeandikishwa kliniki ni dawa yake. Hazigawanywi kwa ndugu zake, haziuzwi, hazitiwi kwenye mandazi. Najua inauma kumlisha mmoja huku wengine wakiangalia. Ndiyo maana nimekufundisha mikate ya mvuke na kabalagala. Wape hao wengine hicho, ili yule mgonjwa abaki na pakiti yake. Na mtoto ambaye hajafika miezi sita, utamu wake ni ziwa la mama peke yake.

Sasa nirudi kwenye lile swali. Tutapikaje chakula cha nyumbani bila kula chakula cha kesho?

Jibu tulilipata kwa kukaa pamoja. Sisi ni nyumba sita, tatu za Wakongo na tatu za Warundi. Tulikubaliana kwamba Jumapili tunawasha moto mmoja. Kila mmoja analeta kile kile ambacho angekipika kwake siku hiyo, maharage yake na unga wake kwa idadi ya watu wake. Haongezi hata kijiko, kwa hiyo mgao wake hauharibiki. Kinachopungua ni kuni. Mahali palipokuwa na mioto sita, sasa pana mmoja mkubwa, na kikapu kikubwa pembeni. Kuni zile tunazobakiza, zamu kwa zamu, tunazitoa kwa jirani wa saba, mama anayekaanga mandazi ya kuuza, naye anatupa thamani yake. Hiyo ndiyo inayonunua chupa moja ya mawese na konzi kadhaa za ndagala. Tangu tulipoanza, sijauza kopo hata moja la unga.

Kuna Jumapili mvua imenyesha, kuni zikalowa, tukala maharage magumu. Kuna siku wawili kati yetu walikosana kwa sababu ya upawa, mmoja aliona sahani ya mwenzake imejaa zaidi. Tangu hapo tunapakua kwa kikombe, mbele ya wote, watoto na wazee kwanza. Ukianzisha kikundi chako, anza na kikombe hicho.

Baba bado yupo. Nguo hazimpwayi tena kama zamani. Sitasema sombe ilimwondolea huzuni, kwa sababu huzuni yake anayo mpaka leo. Lakini Jumapili anakaa kwenye kigoda chake karibu na kinu, anawaambia watoto wa Warundi jinsi soko la Baraka lilivyokuwa asubuhi mitumbwi ikirudi. Na sahani ikifika anakula. Ukoko ni wake, hakuna anayeugusa.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni ndogo. Kabla ya Jumapili, muulize mtu mmoja nyumbani kwako, hasa yule anayeacha chakula, swali lile nililoulizwa mimi: kwenu, Jumapili mlikuwa mnakula nini? Kisha kaa na majirani, hesabuni kuni.

 Nawaaga kutoka jikoni. Mpike vizuri, mbaki na afya, na tukutane tena wiki ijayo.

(Sauti: mchi, kisha watoto wakicheka, inafifia.)

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni chakula gani cha kwenu ambacho hamjakipika tangu mfike hapa? Ni kitu gani hasa kinachokosekana: viungo, kuni, muda, au mtu wa kufundisha?

2. Kwa nini maharage hufunikwa na sombe haifunikwi? Mmoja aeleze, wengine wasahihishe.

3. Nyumba ngapi jirani zinaweza kuwasha moto mmoja kwa siku moja ya wiki? Nani atapakua, na kwa kipimo gani?

4. Je, kuna mzee au mgonjwa karibu nanyi anayeacha chakula? Amekwisha kupelekwa kliniki? Nani atamtembelea kabla ya kipindi kijacho?